Nilikosea Kuhusu Viini Vinane, na Mamangu Ndiye Alinifungua Macho

Wacha nianze kwa kukubali kosa, manake ndio sababu ya hii posti.

Mwaka jana niliweka video nikiwa nimesimama Feri, upande wa kisiwani, nyuma yangu watu wanashuka. Nikasema hivi: "Simu ya viini vinane ina kasi mara mbili ya simu ya viini vinne. Hesabu ya darasa la pili hiyo, mwanangu." Ilitazamwa kuliko video zangu zote za mwezi ule. Watu wakaisevu, wakaiweka status. Muuza simu mmoja mjini akawa anawachezea wateja ili wachukue ile ya bei ghali. Rafiki yangu wa Likoni aliongeza shilingi 6,000 juu ya bajeti yake sababu ya maneno yangu. Simu yake mpya inakwama vile vile.

Nilikosea. Na sikujua nimekosea wapi mpaka mamangu alipogombana na dadake juu ya deni la shilingi 80.

Iko hivi. Mamangu anauza mahamri, mbaazi na viazi karai hapa Feri, upande wa kisiwani. Dadake, ambaye nyumbani tunamwita Mamdogo, anauza vitu vile vile ng'ambo, Likoni. Unga wananunua pamoja, faida wanagawana, na wote tunaishi ploti moja huko Likoni. Kati ya meza zao mbili kuna maji ya kama nusu kilomita, na feri ambayo mtu wa miguu halipi nauli. Kwa hivyo mteja wa huku ndiye mteja wa kule. Mtu anakunywa chai Likoni alfajiri, anavuka kuja kutafuta, jioni akirudi anakula viazi kisiwani kabla ya kupanda feri. Wengi wanakula kwa deni, manake riziki ya hapa ni ya kutwa: ukipata unalipa, ukikosa unaandikwa.

Kulikuwa na madaftari mawili, moja kila meza. Kila usiku mimi ndiye nilikuwa nakaa nayo, nanakili ya huku kule na ya kule huku, ili asubuhi kila mmoja atoke na orodha kamili. Nilijiona nimetengeneza mfumo wa maana sana.

Ikaja Alhamisi moja. Kuna mzee wa mkokoteni, mteja wetu tangu mimi niko shule ya msingi, alikuwa na deni la 80. Asubuhi akamlipa Mamdogo, Likoni. Mamdogo akapiga mstari juu ya jina lake. Jioni mzee akapita kwa mamangu kununua viazi, pesa mkononi. Lakini daftari la mamangu lilikuwa bado linasema 80. Siku hiyo mamangu alikuwa amechoka, biashara ilikuwa mbaya, akamwambia mbele za watu, "Mzee wangu, kwanza tumalize lile deni." Mzee akasema amelipa. Mamangu akafungua daftari akamwonyesha. Mzee akauliza, "Basi mimi ni mwongo?"

Foleni yote ikanyamaza. Akaweka sahani chini, viazi hajavigusa, akashika njia.

Usiku ule ploti ilisikia. Mamangu: "Mtu akilipa kwako, si unipigie!" Mamdogo: "Nina mafuta jikoni na mikono ya unga, nipige simu na miguu?" Baada ya hapo wiki tatu hawakusemezana. Mlango na mlango, lakini salamu zinapitia kwangu. "Mwambie mamako unga umeisha." "Mwambie dadangu nimesikia." Dada wawili waliozikana pamoja, wakaleana watoto, sasa wanatumiana tarishi kwa sababu ya bei ya chai na mahamri.

Na kwenye ile kelele, mimi nimeketi katikati na madaftari mawili mapajani, nikakumbuka hii kitu nimeshaiona mahali.

Nilikuwa chuo, nasoma mambo ya kompyuta. Niliacha mwaka wa pili, karo ilipokatika. Moja ya mada za mwisho nilizosoma ilikuwa ya kompyuta sambamba, yaani mashine zenye prosesa nyingi zinazofanya kazi moja kwa wakati mmoja. Nilikariri, nikaandika kwenye mtihani, nikapata alama za huruma. Zile notisi bado ziko kwenye simu yangu. Usiku ule nikazifungua, na mara ya kwanza maishani nikazielewa, manake zilikuwa zinanielezea kwetu.

Chukua simu yako. Ndani kuna viini, tuseme vinane, kila kimoja ni mfanyakazi. Wote wanatumia kumbukumbu moja. Shida ni kwamba kumbukumbu hiyo iko mbali kwa mwendo wao: kiini kikiomba kitu huko, kinaweza kupoteza mizunguko zaidi ya 100 kikisubiri tu, kama wewe ukisubiri feri ifunge mlango. Kwa hivyo kila kiini kinapewa kijistoo kidogo cha karibu, kinaitwa kashe. Kikichukua kitu kwenye kumbukumbu kuu, kinaweka nakala hapo, ili kikikihitaji tena kisivuke maji.

Safi. Lakini sasa kuna nakala. Kiini cha kwanza kikibadilisha 80 kuwa sifuri kwenye kashe yake, na kiini cha pili bado kimeshika 80, tayari una mzee wa mkokoteni na sahani ya viazi.

Kompyuta hairuhusiwi kufanya hivyo. Kwa hivyo kabla kiini hakijaandika, nakala za wenzake lazima zifutwe. Ujumbe unatoka: futa yako. Majibu yanarudi: nimefuta. Ndipo mabadiliko yanahesabika kuwa yamekamilika. Ile nenda-rudi ndiyo bei ambayo mimi sikuiweka kwenye hesabu yangu ya darasa la pili. Viini vinane vikigombea kitu kimoja, muda mwingi unaishia kwenye "futa yako, nimefuta". Juu ya hapo kuna kazi ambazo hazigawiki: karai moja, hata ulete wapishi wanane, viazi vitaiva kwa muda ule ule. Na kwenye simu nyingi vile viini vinane si sawa, kuna vikubwa vya kasi na vidogo vya kuhifadhi chaji. Kwa hivyo nane si nne mara mbili. Haikuwa hata karibu.

Sasa nije kwa ugomvi wenyewe, manake wataalamu nao walikuwa nao. Miaka ya 1980 na 1990 kulikuwa na kambi mbili. Kambi ya kwanza ilisema: kila prosesa iwe na kumbukumbu yake, asiguse ya mwenzake, ukitaka kitu tuma ujumbe. Mfano ni Cosmic Cube ya chuo cha Caltech, Marekani: kompyuta ndogo 64 zilizounganishwa, zinaongea kwa ujumbe tu. Huyo ni Mamdogo. "Mimi na daftari langu, wewe na lako, ukitaka kujua niulize." Ni safi, hakuna nakala za siri. Lakini kazi yote ya kuambiana ni juu yako. Ukisahau kumwambia mwenzio, basi hajui. Na ukituma wakati mwenzio ana mikono ya unga, ujumbe unakaa.

Kambi ya pili ilisema: tuwe na kumbukumbu moja ya pamoja, kila mtu asome na kuandika kama yake, na mashine yenyewe ihangaike na nakala. Huyo ni mamangu. "Daftari liwe moja, tumalize." Ni rahisi kwa mtumiaji. Lakini hilo daftari moja litalala wapi? Likikaa kisiwani, Mamdogo ataomba ruhusa kila kikombe cha chai.

Najua kuna mtu ashaanza kuniandikia: "Bro, si uwafungulie karatasi ya mtandaoni waijaze wote kwa simu?" Mamangu anatumia kabambe. Bandeli za Mamdogo zinaisha kila jioni. Na hata wangekuwa na simu kali, hiyo karatasi ya mtandaoni inafanya kazi hii hii chini kwa chini. Kuna mtu au mashine mahali inahangaika kujua nani ameshika nakala ya zamani.

Kitu kilichonishika kwenye zile notisi ni mashine moja ya chuo kikuu cha Stanford, inaitwa FLASH. Karatasi yao ya kwanza kubwa ilitoka 1994. Mmoja wa viongozi wa mradi alikuwa John Hennessy, ambaye baadaye alikuwa rais wa Stanford na akapata tuzo ya Turing ya 2017 pamoja na David Patterson. Kabla yake, Stanford walikuwa wamejenga nyingine, DASH, ambayo kila sehemu ya kumbukumbu ilikuwa na rejista ya nani ana nakala. DASH ilifanya kazi, lakini sheria zake zilipigwa ndani ya chuma. Ukitaka kubadilisha sheria, unajenga upya.

FLASH ikasema: kwa nini tuchague kambi? Kwenye kila nodi, pembeni ya prosesa na kipande chake cha kumbukumbu, wakaweka chipu moja mlangoni. Wakaiita MAGIC. Kila kitu kinachoingia au kutoka lazima kipitie hapo, na ndani yake kuna prosesa ndogo inayofuata programu. Maana yake sheria zinaandikwa, hazichongwi. Kwa data hii, fuata sheria za kumbukumbu ya pamoja. Kwa data ile, tuma ujumbe moja kwa moja. Mashine moja, mlango mmoja, mazungumzo ya aina zote mbili.

Wakosoaji wakauliza swali la haki: huyo bawabu anayefikiria kila kitu, si atachelewesha? Wakapima kwa programu ya kuigiza mashine, wakailinganisha FLASH na mashine ya kufikirika ambayo sheria zake zimechongwa kwenye chuma. Mara nyingi FLASH ilikuwa nyuma kwa asilimia 2 hadi 12 tu. Pale ilipoumia zaidi ni pale nodi nyingi zilipokimbilia data ya sehemu moja. Lakini hapo hata ile ya chuma iliumia. Kama umewahi kuvuka kutoka Likoni saa kumi na mbili asubuhi huhitaji maelezo. Lete feri kubwa uwezavyo, sote tukikimbilia mlango mmoja kwa dakika moja, tutasimama.

Usifikiri hizi ni habari za vyumba vya baridi huko Marekani tu. Mwaka 1996, Kunle Olukotun, profesa wa Stanford mwenye asili ya Nigeria, pamoja na wenzake, walichapisha hoja kwamba badala ya kujenga prosesa moja kubwa, weka kadhaa ndogo kwenye chipu moja. Leo simu yako imejengwa hivyo. Kampuni aliyoanzisha baadaye aliiita Afara, na afara kwa Kiyoruba ni daraja. Sisi wa Feri tunalijua hilo neno kwa kulisubiri.

Basi siku moja nikawakalisha wote wawili barazani, kila mmoja anaangalia upande wake. Nikawaeleza kwa vikombe na vijiko. Nikasema inaitwa FLASH. Mamangu akauliza, "Flash kama ya simu? Ya kubip mtu ukiwa huna salio?" Mamdogo akacheka. Kicheko cha kwanza katika wiki tatu. Mamangu akajizuia, akashindwa.

Halafu mamangu akasema kitu ambacho mimi sikukipata darasani: "Kwa hivyo kila deni liwe na kwao."

Mwanangu, ndivyo kilivyoandikwa. Kila kipande cha kumbukumbu kina nodi inayoitwa nyumbani kwake, na nyumbani ndiko rejista inakokaa. Mama mwenye kabambe amefika hapo kwa njia ya viazi.

Sheria zikawa hizi. Kila mteja deni lake lina kwao, meza ile anayokula zaidi. Limeandikwa huko tu, hakuna nakala. Ukitaka kulipia ng'ambo, Mamdogo anampigia mamangu maneno mawili: "Themanini, fulani." Mamangu anafuta kwanza, kisha anamflashi. Simu ya Mamdogo ikilia mara moja ikakata, ndio anamwambia mteja, "Umelipa, nenda salama." Ile flashi ndiyo "nimefuta" yetu, na haina gharama. Unga hauna rejista, unga ni ujumbe tu: ukibaki nusu gunia, sema. Na chenji ya kila meza ni ya meza hiyo, hakuna kuulizana. Mambo matatu, sheria tatu, na zikitushinda tunabadilisha.

Mimi kazi yangu ya kunakili usiku ikaisha. Siikumbuki kwa huzuni, manake sasa naona ile ndiyo iliyotuponza. Nakala za jana usiku zilionekana kamili, na mamangu alizishika kama ushahidi dhidi ya mtu mzima mwenye heshima zake.

Kuna wakati mamangu ana foleni na flashi inachelewa, na mteja wa Likoni anasimama dakika mbili akinung'unika. Hiyo ni asilimia yetu. Tunailipa.

Yule mzee? Mamangu alivuka mwenyewe akamtafuta pale wanapopumzika watu wa mikokoteni. Nilikwenda naye, nimebeba mahamri. Alimwita "baba", akamwambia, "Daftari langu ndilo lililokuwa na makosa. Ulikuwa umelipa." Mzee akasema hakuna neno, yameisha. Akachukua mahamri. Siku hizi anapita, anasalimia, anakula. Lakini hajakopa tena hata siku moja. Anahesabu sarafu zake kwanza, anaziweka mezani, ndipo anapokea sahani. Mamangu anaziona zile sarafu kila jioni. Kompyuta ukiiambia ifute nakala, inafuta. Mzee ile jioni anayo bado.

Ndio nikarudi kwa video yangu. Niliifuta kwenye ukurasa siku nilipoelewa. Haikusaidia sana. Iko kwenye simu za watu, kwenye magrupu, kwa yule muuza simu. Sina rejista ya nani aliisevu, kwa hivyo sina wa kumtumia ujumbe. Ilivyo mtandaoni, maneno yako yakishanakiliwa hayana kwao tena.

Rafiki yangu wa 6,000 nimeshamwomba msamaha ana kwa ana. Aliniambia niache, simu ni simu. Nimemlipa elfu moja, zilizobaki nitamlipa kidogo kidogo. Ameniandika kwake.

Ukienda kununua simu, usihesabu viini. Uliza ni viini gani, vikubwa vingapi na vidogo vingapi. Angalia kumbukumbu yake. Omba uishike dakika kumi, fungua programu unazotumia wewe kila siku, tatu nne kwa pamoja, uone kama inakwama. Mwenye duka akikuonyesha video ya kijana amesimama Feri anapiga hesabu za darasa la pili, mwambie huyo kijana mwenyewe amekataa.

Na kama ile video bado unayo mahali, naomba ifute. Ukishafuta, niflashi.